Bunduki fupi ya .22, kilima cha mawe na mtoto wa miaka 14: jibu kwa msomaji wa Dodoma

*"Nina umri wa miaka 43, ni mtumishi wa umma niliyehamia Dodoma pamoja na ofisi. Nina shamba la zabibu la ekari tatu Hombolo, na nyuma yake kuna kilima cha mawe kisichokaliwa na mtu. Kwa muda mrefu nimetamani mchezo wa kulenga shabaha. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anaishi Marekani na ana bunduki fupi ya kuegemeza begani, ya nusu otomatiki na yenye kipenyo cha .22 ya inchi, aina ya Ruger 10/22. Anasema ni nyepesi, haisukumi bega, na risasi zake ni ndogo kiasi kwamba kule watoto hufundishiwa nazo. Yuko tayari kuninunulia nyingine na kuja nayo Desemba. Nia yangu ni kulenga makopo niliyoyapanga kwenye mawe yale siku za mapumziko, na mwanangu wa miaka 14 naye ajifunze. Mke wangu hataki hata kusikia. Je, bunduki hii ni salama kwa mtu anayeanza? Ni kweli kwamba ufupi unaipunguzia usahihi? Na kisheria nianzie wapi?"*

Ndugu yangu, nashukuru kwamba umeuliza kabla fedha hazijatoka mfukoni, kwa sababu wengi wanaoniandikia kuhusu silaha huniandikia jambo likiwa limekwisha kuharibika. Ninavyoielewa barua yako, unauliza mambo mawili yaliyofungwa pamoja: kama chombo hiki kinafaa, na kama mahali ulipo, yaani shamba lako, nyumba yako na nchi yako, panafaa kwa chombo hicho. La kwanza naweza kulijibu kwa moyo mweupe: bunduki uliyoitaja imeundwa vizuri, imekuwepo sokoni tangu 1964, na mamilioni ya watu wamejifunza kulenga kwayo. La pili ndilo linalonitia wasiwasi, na nitakueleza kwa nini nadhani haifai iwe bunduki yako ya kwanza, haifai ije kwa njia hiyo, na kile kilima haifai kilengwe hata siku moja.

Tuanze na maneno "nusu otomatiki", maana huogopwa kwa sababu zisizo sahihi na kudharauliwa kwa sababu zisizo sahihi vilevile. Wapo wanaodhani bunduki hiyo humwaga risasi mfululizo mtu akishikilia kifyatulio, ambacho wengi tunakiita triga. Haifanyi hivyo. Ukivuta triga mara moja hutoka risasi moja, na ili itoke nyingine ni lazima uiachie kisha uivute tena. Kinachojiendesha chenyewe ni kazi iliyo katikati, yaani kutoa ganda lililotumika na kuingiza risasi mpya, kazi ambayo kwenye bunduki ya kukokwa kwa mkono huifanya wewe mwenyewe.

Namna inavyofanyika ni rahisi kuliko watu wanavyofikiri. Risasi ya .22 huwa na fataki yake ndani ya ukingo wa kitako cha ganda, si katikati kama risasi kubwa. Pini ya bunduki hugonga ukingo ule, fataki huwaka, baruti nayo huwaka, na gesi husukuma kichwa cha risasi kwenda mbele ndani ya mtutu. Gesi hiyohiyo husukuma ganda kurudi nyuma. Nyuma ya ganda kuna kipande kizito cha chuma kiitwacho boliti, ambacho katika bunduki za aina hii hakifungwi na kitu chochote isipokuwa uzito wake na springi iliyo nyuma yake. Kwa kuwa boliti ni nzito mara nyingi kuliko kile kichwa kidogo cha risasi, huchelewa kuanza kusogea, na inapofunguka vya kutosha kichwa cha risasi kimekwisha kutoka mtutuni na mgandamizo umeshuka. Boliti hurudi nyuma, ganda hutupwa nje, springi hubanwa, kisha boliti husukumwa mbele tena, na ikipita juu ya magazini, yaani kikasha cha risasi za akiba, huchukua risasi nyingine na kuiingiza chembani, lile tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa ikisubiri kufyatuliwa. Yote hayo huisha kabla hujamaliza kupepesa jicho.

Sasa fikiri maana yake kwa mtu anayeanza. Mara tu unapofyatua, bunduki tayari ina risasi nyingine chembani na iko tayari kufyatuka, iwe ulikusudia kuendelea au la. Mwanafunzi anapofurahi kwamba amelipata kopo, hugeuka. Kila mwanafunzi hugeuka, awe mtu mzima au mtoto, kwa sababu furaha humtafuta mtu wa kuipokea, na mtutu hugeuka pamoja naye. Kwenye bunduki ya kukokwa kwa mkono mtutu huo una ganda tupu nyuma yake. Kwenye ya nusu otomatiki una risasi hai.

Kuna mtego mwingine ambao ni mbaya zaidi. Aina hii uliyoitaja hubeba risasi kumi kwenye magazini ya kuzunguka iliyozama tumboni mwa bunduki, na katika muundo wake wa kawaida boliti haibaki wazi baada ya risasi ya mwisho. Haikwambii kwamba imekwisha. Tena, ukichomoa magazini, risasi iliyokwisha kuingia chembani inabaki palepale, na bunduki itafyatuka bila magazini kama kawaida. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na mwanafunzi mtulivu sana, mhasibu kwa kazi, mtu wa kuhesabu kila kitu. Alichomoa magazini, akaiweka mezani kwa adabu, akalaza bunduki juu ya mfuko wa mchanga na kuniambia, "Iko tupu, mwalimu." Nikamwomba aivute boliti nyuma. Risasi moja ya shaba ikaruka, ikagonga ubao wa meza, ikabingirika polepole hadi kwenye kikombe changu cha chai na kusimama hapo. Hakusema neno. Aliitazama ile risasi kwa muda mrefu, na tangu siku hiyo sikuwahi kumwona akiamini bunduki ni tupu kabla ya kuvuta boliti na kuchungulia chembani kuthibitisha. Somo hilo alilipata mezani, mtutu ukiwa umeelekezwa kwenye tuta la udongo. Nyumbani, baba akiwa amechoka na watoto wakipita sebuleni, nafasi ya kulipata kwa usalama ni ndogo sana.

Shemeji yako anasema risasi zake ni ndogo, na ni kweli. Kiswahili chetu hutumia neno risasi kwa mzigo mzima, kwa kichwa kinachoruka na hata kwa madini yenyewe, kwa hiyo niseme wazi kwamba hapa nazungumzia kichwa kinachoruka: kina upana wa milimita 5.6 hivi na uzito wa kawaida wa gramu 2.6. Aina hii ya risasi iliundwa Marekani mwaka 1887 na imekuwa ya mazoezi na uwindaji wa wanyama wadogo tangu hapo. Lakini udogo huo hutoka mtutuni kwa mwendo wa mita 320 hadi 380 kwa sekunde, na ukielekezwa juu kwa pembe fulani huweza kufika mbali kiasi cha kilomita moja na nusu. Ndiyo maana watengenezaji wenyewe huandika onyo la umbali mrefu kwenye boksi. Simama katikati ya mizabibu yako, kisha pima kwa macho kilomita moja na nusu kila upande. Utahesabu nyumba ngapi? Vijana wangapi wanachunga mbuzi nyuma ya vichaka ambavyo macho yako hayavipenyi? Risasi hii imeua watu, na imeua kwa sababu waliokuwa wameishika waliiona kama kitu cha mchezo.

Hapo tunafika kwenye kilima chako, na naomba unisikilize vizuri kuliko mahali pengine popote katika jibu hili. Milima midogo ya Dodoma ni itale, mwamba mgumu wenye nyuso za mviringo na mipasuko ya kila upande. Kwa jicho la mtu anayeanza, mwamba unaonekana kuwa kizuizi bora kuliko vyote kwa kuwa hakuna risasi inayoupenya. Tatizo liko hapohapo. Kichwa cha risasi kisichoweza kupenya ni lazima kiende mahali. Kikigonga mwamba uso kwa uso hupasuka na kurusha vipande nyuma; kikigonga kwa ubavu huteleza, hubadili mwelekeo na kuendelea na safari kikiwa bado na nguvu, na hakuna anayeweza kusema kitaelekea wapi kwa sababu uso wa mwamba ndio unaoamua. Niliwahi kuitwa kukagua mahali ambapo vijana walikuwa wakilenga chupa zilizopangwa juu ya jiwe. Juu ya jiwe kulikuwa na alama za kijivu zilizong'aa, kila moja ndefu kama ukucha, zote zikiwa zimelala upande mmoja kama mtu aliyepaka rangi kwa kidole. Tulifuata upande ule kwa miguu. Hatua mia na kumi mbele, kwenye gome la mbuyu ulio kando ya njia ya kwenda kisimani, tulichokoa kipande cha madini kilichobonyea kama kifungo cha shati. Kina mama walikuwa wakipita pale kila asubuhi.

Kizuizi kinachofaa ni udongo laini usio na mawe, uliolundikwa tuta refu kuliko kimo cha mtu, mpana kuliko unavyodhani unahitaji, na nyuma yake pasiwe na makazi wala njia hata kama tuta lingeshindwa. Udongo mkavu wa kwetu, uliokauka kiangazi kizima hadi kulia kama tofali, unahitaji kulimwa na kuchekechwa kabla ya kuaminiwa, na unahitaji kurudiwa kila mara kwa sababu vichwa vya risasi vilivyorundikana ndani yake huanza kugongana na kudunda. Mtu mmoja mwenye shamba la ekari tatu hawezi kuifanya kazi hiyo vizuri bila kuongozwa na mtu anayejua kujenga uwanja wa shabaha, na hata akiweza, kumiliki shamba pekee hakumpi mtu ruhusa ya kufyatua risasi humo.

Kuhusu usahihi, hapo umesikia jambo lenye ukweli kidogo na kosa kubwa. Ufupi wa mtutu haupunguzi usahihi wenyewe. Baruti ya .22 ni kidogo mno, na katika mtutu wa sentimita 40 hivi imekwisha kufanya karibu kazi yake yote. Mtutu mrefu zaidi hauongezi mengi. Kinachopungua ni umbali kati ya kilengeo cha mbele na kilengeo cha nyuma, kwa hiyo kosa dogo la jicho huonekana kubwa zaidi kwenye shabaha, na ukitumia darubini tofauti hiyo hutoweka. Bunduki nyepesi nayo hutikisika zaidi mikononi, kwa kuwa mapigo ya moyo na pumzi huisogeza kwa urahisi. Mwisho ni kitako: zile za umbo dogo hutengenezwa na kitako kifupi kwa ajili ya watoto na watu wa mikono mifupi, na mtu mzima akikitumia hujikunja shingo, jicho likakosa kutulia mahali pamoja. Mtu wa namna hiyo hulaumu mtutu ilhali kosa liko begani.

Tena, Dodoma ina upepo. Kuanzia Juni hadi Oktoba, ukitoka nje saa nne asubuhi unajua kwamba adui wa mlengaji wa .22 si ufupi wa mtutu. Upepo wa pembeni wa kilomita 16 kwa saa, ambao kwetu ni upepo wa kawaida wa kupeperusha nguo kambani, husogeza kichwa cha risasi karibu sentimita mbili na nusu kwa umbali wa mita 50. Kwenye mashindano ya kimataifa ya mita 50, duara la alama kumi lina upana wa milimita 10.4, kwa hiyo upepo huo peke yake unatosha kukutoa nje ya duara hilo hata kama mkono wako ni wa jiwe. Linalowashangaza wanafunzi wangu ni kwamba risasi ya mwendo mkali, ile inayotoka kwa kasi kuliko sauti, husogezwa na upepo zaidi kuliko ile ya mwendo wa wastani, kwa sababu hupoteza kasi yake haraka inapokaribia mwendo wa sauti. Ndiyo maana walengaji wa shabaha hununua ile ya polepole.

Na hiyo ya polepole ndiyo inayoisumbua bunduki ya nusu otomatiki. Kumbuka nilivyoeleza kwamba boliti hurudishwa nyuma na nguvu ya risasi yenyewe. Risasi ikiwa dhaifu, boliti hairudi hadi mwisho, ganda hubanwa mlangoni likiwa limesimama wima kama bomba la moshi la jiko, na mchezo husimama. Vichwa vya .22 pia hupakwa nta au mafuta, baruti yake huacha masizi, na vumbi letu jekundu hushika pale kwenye mafuta na kutengeneza uji mzito ndani ya njia ya boliti. Bunduki ya kukokwa kwa mkono huvumilia uchafu huo kwa kuwa mkono wako unaisukuma. Ya nusu otomatiki huanza kukwama. Kila inapokwama mtu asiye na uzoefu huiinua, huitazama mtutuni, huitikisa, huingiza kisu. Ajali nyingi huzaliwa katika dakika hiyo ya usumbufu. Ikivutwa triga na isifyatuke, mtutu unapaswa kubaki umeelekea kwenye tuta kwa nusu dakika nzima kabla boliti haijaguswa, kwa sababu fataki huweza kuchelewa kuwaka.

Neno moja juu ya sauti na juu ya madini, kwa kuwa hakuna aliyekutajia. Mlio wa bunduki ya .22 unaweza kukaribia desibeli 140 sikioni mwa mfyatuaji. Hausumbui kama mlio wa bunduki kubwa, na kwa sababu hiyo watu huacha kuvaa vizuia sauti, nao huzeeka wakiwa na mlio usiokoma masikioni. Vichwa vingi vya .22 ni madini ya risasi matupu, na fataki yake kwa kawaida ina madini hayohayo, kwa hiyo kila mlio huacha vumbi na moshi wenye sumu mikononi na nguoni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha madini hayo mwilini kinachojulikana kuwa salama, na mtoto huathirika zaidi kuliko mtu mzima kwa sababu huharibu ubongo unaokua. Kunawa mikono na uso kwa sabuni kabla ya kula, kubadili nguo kabla ya kumpakata mtoto mdogo, na kutoruhusu mbuzi wala kuku kuchakura kwenye tuta ni sehemu ya mchezo kama ilivyo kuvuta triga.

Sasa sheria. Tanzania tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991. Silaha humilikiwa kwa leseni, na leseni hutolewa kwa mtu aliyechunguzwa yeye mwenyewe, sababu yake na mahali atakapoihifadhi. Kwa utaratibu uliozoeleka, maombi huanzia kwa uongozi wa mtaa au kijiji unapoishi, wanaokujua kwa sura na mwenendo, hupita kwenye ulinzi na usalama ngazi za juu, na hukaguliwa na polisi wa wilaya na wa mkoa. Silaha haiingizwi nchini kwa sababu tu ilinunuliwa kihalali kwingine. Kibali cha kuiingiza hutangulia, mzigo hufuata, na shemeji yako akitua uwanja wa ndege na bunduki isiyo na kibali, awe ameivunja vipande na kuipanga sandukuni namna gani, atakuwa mtuhumiwa wa kosa zito la jinai, na wewe uliyemwagiza utaitwa.

Lipo jambo kubwa zaidi. Mwezi Aprili 2004 nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zilitia saini jijini Nairobi makubaliano ya kudhibiti silaha ndogo, na Tanzania ilikuwa miongoni mwao. Baada ya kuona silaha zilizotoka kwenye vita vya jirani zikizagaa vijijini, nchi hizo ziliahidi, pamoja na mengine, kuingiza katika sheria zao katazo kamili la raia kumiliki na kutumia bunduki ndefu, yaani za kuegemeza begani, hata kama mtutu ni mfupi kama wa hii yako, ziwe za otomatiki au za nusu otomatiki. Sioni mahali pa kujificha kwa kusema yangu ni ya kipenyo kidogo na ni ya burudani. Hivyo swali lako la kwanza kwa ofisi ya polisi inayoshughulikia silaha lisiwe fomu zinapatikana wapi, bali kama aina hii ya bunduki inaweza kabisa kupewa leseni kwa raia. Uliza kwa maandishi, na ukijibiwa hapana, kubali jibu hilo. Usimtafute mtu wa kukutengenezea njia.

Habari njema ni kwamba unachokitamani hakihitaji bunduki hii. Kwenye mashindano ya kimataifa ya bunduki ndefu kwa umbali wa mita 50, risasi huingizwa moja baada ya moja kwa mkono. Wale wanaoteleza kwenye theluji huku wakilenga, mchezo wanaouita biathloni, hutumia .22 yenye magazini lakini boliti huvutwa kwa mkono, na ile inayojipakia hairuhusiwi. Nusu otomatiki ina nafasi yake kwenye mashindano ya bastola ya kufyatua haraka, nao huo ni mchezo mwingine. Mlengaji hufunzwa kutulia, na hakuna kinachofunza utulivu kama kulazimika kuinua mkono, kuingiza risasi moja, kupumua, na kuanza upya. Kwa hiyo kama polisi watakuambia kuna aina inayokubalika kwa burudani, uliza kuhusu .22 ya kukokwa kwa mkono, ikiwezekana isiyo na magazini kabisa. Itakuchosha kidogo, na itakuonyesha makosa yako yote.

Ningekushauri zaidi bunduki ya upepo ya mashindano, ile inayorusha kichonge, yaani kipande kidogo cha madini, kwa nguvu ya hewa badala ya baruti. Mchezo wake wa mita 10 umo kwenye Olimpiki tangu 1984, kichonge chake cha milimita 4.5 kina nguvu ya jouli saba au nane tu ilhali .22 ya kawaida ina zaidi ya jouli 140, na alama kumi ni nukta ya nusu milimita, kitu kidogo kuliko mbegu ya ufuta. Nimewaona walengaji wazoefu wa silaha nzito wakitoka jasho mbele ya nukta hiyo. Faida yake kwako ni kwamba umbali ni mdogo, kikamata vichonge ni sanduku la chuma, na upepo wa Dodoma unaukwepa ukilengea ndani ya ukumbi. Hasara zake nazo nizitaje: bunduki nzuri ya namna hiyo ni ghali, vichonge vyake havipatikani kila duka, na bado inaweza kutoboa jicho la mtu. Usidhani pia kwamba iko nje ya mikono ya sheria kwa kuwa haina baruti. Iulizie polisi siku hiyohiyo unapouliza ile nyingine, kabla hujainunua.

Njia iliyo bora kuliko zote, kama utaipata, ni kutomiliki chochote kwa sasa. Katika barua hiyohiyo kwa polisi uliza kama kuna uwanja wa shabaha ulioruhusiwa unaopokea raia kwa mafunzo chini ya mwalimu. Nenda miezi sita, ufyatue silaha ya uwanja ukiwa na mtu begani mwako, urudi nyumbani mikono mitupu. Wengi hugundua katika miezi hiyo kwamba walichokipenda ni ukimya ule wa kabla ya risasi, na hawajali tena ni bunduki gani wameshika.

Sasa mke wako. Umeandika kwamba hataki hata kusikia, kana kwamba ni kikwazo cha kuzungukwa. Mimi namwona ndiye aliyeuliza swali la msingi katika nyumba yenu. Bunduki ndani ya nyumba inahitaji kabati la chuma lililofungwa na kupigwa misumari ukutani, risasi zikiwa mahali pengine penye kufuli lake, na ufunguo ambao mtoto wa miaka 14 hajui ulipo. Nakuhakikishia kwamba mtoto wa miaka 14 anajua ulipo ufunguo wa kila kitu. Hata leseni ukiipata, ni ya kwako peke yako na haimfuniki yeye, kwa hiyo kumpa bunduki shambani kwa sababu tu upo karibu ni jambo usilifanye bila idhini ya wazi ya mamlaka. Na kama katika nyumba kuna mtu yeyote anayepitia huzuni nzito, pombe kupita kiasi au ugomvi usiokwisha, awe wewe, mwanao au ndugu anayelala chumba cha nyuma, silaha isiingie kabisa, hata ya upepo. Huyo mpelekeni kwanza kwa daktari. Dodoma tunayo Hospitali ya Mirembe, ya afya ya akili, na kwenda pale si aibu.

Kwa wewe mwenyewe, mwone daktari wa masikio kabla ya kuanza ili ujue hali ya kusikia kwako, na baadaye ukisikia mlio wa nyenje masikioni usiokoma hadi siku ya pili, acha na urudi kwake. Ukiwa mlengaji wa kila wiki, mwambie daktari wako unachofanya, naye ataamua kama inafaa kupima kiasi cha madini ya risasi kwenye damu. Tuta lolote la kulengea likaguliwe kwa macho na mtu mwenye ujuzi anayesimama pale shambani. Picha ya simu haionyeshi jiwe lililofukiwa nusu mita ndani ya udongo, na hata mimi siwezi kukuidhinishia mahali nisipopakanyaga.

Kuhusu shemeji, mwandikie wiki hii kabla hajalipa chochote. Mwambie asinunue, asitume sehemu yoyote ya bunduki kwa posta, na asibebe hata boksi la risasi kama zawadi. Akija Desemba, zipo darubini nzuri za kutazama shabaha kutoka mita 50 na vizuia sauti bora vya masikioni ambavyo huku ni vigumu kuvipata. Hivyo utavihitaji uwanjani kwa silaha yoyote utakayopangiwa, na akitaka kukuletea kitu, akuletee hivyo.